SS Klondike, Whitehorse: anzia chini, kwenye boila

Wageni wengi wakiingia SS Klondike, meli ya mvuke ya mtoni ambayo sasa ni makumbusho mjini Whitehorse, Kanada, hukimbilia ngazi, wakaone chumba cha kulia na sebule ya abiria wa daraja la kwanza. Huko kunapendeza, lakini anayeanzia juu hataielewa meli hii. Iliundwa kwa ajili ya shehena, abiria wakaongezwa. Anza sitaha ya chini, uitembee yote kutoka omo hadi tezi.

Mbele kuna boila la kuni, lililochemsha maji kuwa mvuke. Nyuma kabisa kuna mashine mbili, moja kila ubavu, zinazozungusha gurudumu kubwa la makasia. Tazama mikono mirefu inayoshika mhimili wa gurudumu: ule wa kulia na wa kushoto haufiki mwisho wa mzunguko kwa wakati mmoja, kwani yote miwili ikinyooka pamoja, gurudumu hukwama. Boila zito mbele, mashine nzito nyuma, mwili bapa wa kina kifupi katikati. Meli ya namna hii huelekea kupinda ncha zikalala. Ndiyo sababu ya nguzo na vyuma vya kukaza vinavyopita mwilini mwake. Wengi hudhani ni mapambo.

Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mzigo na kuni. Klondike ya kwanza, ya 1929, ilikuwa meli ya kwanza katika mto Yukon kubeba zaidi ya tani 272 bila kusukuma tishari (chombo bapa cha mizigo). Ilikwama mtoni ikaharibika 1936. Hii unayoiona, yenye urefu wa mita 64, iliundwa 1937 kwa mfano wa ile ile. Kutoka Whitehorse hadi Dawson City, kilomita 740, ilishuka na mkondo kwa siku moja na nusu hivi. Kurudi kulichukua siku nne hadi tano, ikisimama mara sita hivi kupakia kuni. Ukiyajua hayo, hutashangaa kuni zimepewa nafasi kubwa kuliko watu.

Barabara ndiyo iliyoimaliza. Mizigo ilikoma 1952, ikajaribiwa kubeba watalii, safari ya mwisho ikawa 1955. Mwaka 1966 ilivutwa kupitia mitaa ya mji hadi hapa ilipo: tingatinga tatu, watu kumi na wawili, wiki tatu, na tani nane za sabuni ya Palmolive za kulainisha njia. Ukarabati umeirudisha katika hali ya 1937 hadi 1940, na kazi ni safi.

Upungufu wake ni kwamba haiwashwi. Mvuke, mtetemo na kelele hutavipata, na maelezo ya mashine si mengi kwa mtu anayetaka kujua valvu ipi inafanya nini. Msimu ni wa kiangazi tu. Mbao zilizokaa nchi kavu huoza kwa maji ya mvua na hazina tena maji ya kuzibeba sawasawa, hivyo matengenezo hayaishi na ndani huweza kufungwa. Angalia taarifa za Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa linaloisimamia, kabla ya kwenda.

Ukikuta pamefungwa, usiondoke. Zunguka hadi tezi. Sukani, yaani mbao za kugeuzia meli, ziko mbele ya gurudumu, hivyo meli ikirudi kinyumenyume gurudumu lilirusha maji juu ya sukani, meli ikageuka vizuri. Meli ikielea, sehemu hiyo haionekani.