TAHADHARI: Muuzaji wa vijibwa anayekuambia "anazoea tu"

Jamani, kama uko mbioni kununua mtoto wa mbwa wa aina ndogo, iwe Maltese, Chihuahua, Yorkshire Terrier au Pomeranian, naomba usome hii kabla hujatuma hela. Nimetapeliwa, na kijibwa niliyemleta nyumbani hakumaliza hata wiki mbili. Nilimwita Pamba kwa ajili ya manyoya yake.

Sitaji jina la mtu. Jina na namba ya simu vinabadilishwa leo na kesho, ila mbinu ni ile ile, na hiyo ndiyo nataka muijue.

Tangazo lilisema: Maltese dume, wiki 10, amemaliza chanjo zote, ametolewa minyoo, "saizi ya kikombe, hatakua sana". Chini yake, dhamana ya saa 72. Nilipoomba kwenda kumwona mama yake, nikajibiwa kwamba mama ni mkali, amezaa karibuni, wageni wanamsumbua. Nikatumiwa video fupi ya jike jeupe amelala na watoto. Nilitosheka. Tukakutana barabarani, akamtoa Pamba kwenye boksi la viatu ndani ya gari, akanipa kadi ya chanjo, mfuko mdogo wa chakula usio na lebo, na maelekezo. Yale maelekezo nayakumbuka neno kwa neno: "Siku tatu za mwanzo atalala sana, hatakula, atatetemeka. Usihangaike, anazoea tu. Usiku usimpe chakula, na usimbebebebe, atadeka."

Mtu anayeleta kijibwa nyumbani kwa mara ya kwanza anayapokea maneno hayo kama hekima ya mzoefu. Kumbe ni kifuniko. Kila dalili ya mtoto mgonjwa, au mtoto aliyetolewa kwa mama kabla ya wakati, imeshapewa jina jingine kabla hujaiona.

Usiku wa kwanza alilia, nikasema sawa, kila mtoto hulia. Usiku wa pili, mnamo saa tisa, kimya kikanishtua. Nikawasha taa. Alikuwa amesimama katikati ya kitanda chake, miguu imepanuka, anayumba kama mlevi, kichwa kimeinamia upande mmoja. Nilipomshika, masikio yalikuwa ya baridi. Fizi zimepauka, taya linacheza lenyewe. Nikampigia muuzaji, akapokea na kuniambia kwa sauti ya usingizi: "Si nilikuambia? Anazoea tu. Mwache."

Sikumwacha. Nilikumbuka niliwahi kusikia habari ya asali, nikachovya ncha ya kidole nikampaka kwenye fizi kidogo kidogo, nikamfunga kwenye sweta langu na kumweka kifuani. Baada ya muda akanyanyua kichwa. Kulipokucha tu tukawa mlangoni kwa daktari wa mifugo.

Daktari alisema ni sukari ya damu iliyoshuka. Vijibwa vya aina ndogo vina ini dogo na nyama kidogo, akiba yao ya sukari ni haba, na mtoto akikaa saa nyingi bila kula, au akipigwa na baridi, au akiwa na hofu, akiba ile inakwisha. Anaanza kulegea na kutetemeka, kisha anayumba, kisha degedege, na asiposaidiwa anakufa. Mtoto wa umri ule anatakiwa kula kidogo kidogo mara nne au zaidi kwa siku, na usiku asiachwe tumbo tupu. Yaani maelekezo ya muuzaji yalikuwa ndiyo njia ya kumuua. (Asali inapakwa kwenye fizi tu. Usimimine kinywani mwa mtoto aliyelegea, itaingia kwenye mapafu. Na hata akiamka, bado lazima umpeleke kwa daktari.)

Kisha daktari akamfungua kinywa, akaniita nisogee. "Wiki 10? Hebu tazama." Mbele palikuwa na vijino kama chembe za mchele, ila nyuma, mahali pa magego, palikuwa na fizi tupu. Mtoto wa mbwa huanza kuota meno akiwa na wiki 3 hivi, na kufikia wiki 8 huwa kwa kawaida amekamilisha meno ya utotoni yote 28. Akampima, gramu 510. Akakadiria wiki 5, labda kasoro.

Hapa ndipo ilipo siri ya biashara hii, na ndiyo maana wanapenda aina ndogo. Ukiuziwa mtoto mchanga wa mbwa mkubwa utaona haraka kwamba ni mchanga. Ila mtu akikuambia "huyu ni wa kikombe", uchanga unageuka kuwa sifa. Unamtazama mtoto wa wiki 5 anayetakiwa kuwa bado ananyonya, unasema lo, kadogo kalioje, na unaongeza hela. Hakuna aina ya mbwa inayoitwa ya kikombe. Vyama vikubwa vinavyosajili mbwa havina daraja hilo, ni neno la wauzaji. Yorkshire Terrier mwenyewe, mbwa mdogo sana, kipimo chake rasmi cha kimataifa kinafika kilo 3.2. Na kanuni ya wafugaji wa kweli ni kwamba mtoto haondoki kwa mama kabla ya wiki 8. Wengi wa wanaofuga aina ndogo sana humshikilia mpaka wiki 12.

Tukarudi kwenye kadi. Tarehe tatu za chanjo, mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna stika hata moja. Chanjo halisi ina kistika kwenye kichupa chenye jina na namba ya toleo, daktari hukibandua na kukibandika kwenye kadi, kisha anaweka sahihi na muhuri. Tarehe ya kwanza ilikuwa wiki 4 kabla sijamchukua. Piga hesabu na umri alioukadiria daktari: siku ile Pamba alikuwa na wiki moja. Vijibwa hufumbua macho kati ya siku ya 10 na ya 14. Ati alichanjwa kabla hajaona mwanga.

Na hata angekuwa na wiki 10 kweli, "amemaliza chanjo zote" ni uongo. Chanjo za msingi huanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye ni wiki gani itaisha kwa mtoto yupi. Hii sentensi moja ingeniokoa kama ningeijua. Mtu yeyote anayekuuzia mtoto wa wiki 10 "aliyemaliza chanjo", funga mazungumzo hapo hapo.

Nikamwandikia muuzaji nikitaka kumrudisha au kurudishiwa fedha. Hakunitukana. Akajibu kwa upole mwingi: "Pole sana ndugu yangu. Mpe siku mbili azoee, halafu tuongee." Nikampa siku mbili. Saa 72 zikapita.

Siku ya tano Pamba aligoma kula. Akatapika povu la njano, jioni akaanza kuhara damu, na harufu yake sitaisahau. Kipimo cha haraka cha kinyesi kikaonyesha parvo. Huu ni ugonjwa wa virusi ulioibuka kwa mbwa miaka ya 1970 na kuenea dunia nzima mwaka 1978, unashambulia utumbo na chembe nyeupe za damu, na mtoto asiye na kinga anakauka maji mbele ya macho yako. Dalili kwa kawaida hutokea siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine hadi 14. Dhamana ilikuwa saa 72. Naamini kabisa aliyeiandika alijua hesabu hiyo.

Alikaa kwenye dripu siku tatu. Nilikuwa naruhusiwa kuingia jioni, nikivaa glavu, na kila mara aliponisikia aliinua ncha ya mkia, si mkia wote, ncha tu. Siku ya nane, kabla ya alfajiri, nikapigiwa simu.

Nilipompa muuzaji habari, aliniandikia hivi: "Umemuua mwenyewe, hukumzoesha vizuri." Kisha akanifungia. Nilihangaika na sentensi hiyo wiki nzima, ndugu zangu, nikijiuliza kama kweli. Naiweka hapa kwa ajili ya mwingine aliyeambiwa hivyo. Si kweli. Daktari alisema mtoto alikuja na ugonjwa tayari.

Sasa tofauti ya kuzoea na kuumwa, maana ndipo wanapotushika. Kijibwa mzima anayezoea nyumba mpya analia usiku wa kwanza, wa pili, pengine wiki. Analala saa nyingi, hata 18 kwa siku, lakini akiamka ameamka: ananusa, anang'ata kamba za viatu, anakojoa pasipotakiwa, anakimbilia bakuli. Anaweza kususa mlo mmoja kwa ugeni. Hasusi siku nzima. Fizi zake ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Mpime kwenye mizani ya jikoni kila siku saa ile ile: mtoto mzima anaongezeka. Akitapika zaidi ya mara moja, akihara damu, akilegea, akiwa wa baridi, huko si kuzoea. Nenda kwa daktari saa hiyo hiyo, usimpigie muuzaji kwanza kama nilivyofanya mimi.

Mfugaji wa kweli utamjua hata kwa anavyokukabidhi. Anakupeleka alipozaliwa, unamwona mama akiwa na watoto wake na watoto wanamfuata kunyonya. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2020, sheria inayoitwa Sheria ya Lucy inakataza madalali kuuza vijibwa walio chini ya miezi 6. Unanunua kwa aliyezalisha, ukimwona mtoto na mama yake pale alipozaliwa. Lucy alikuwa mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia watoto mfululizo. Popote ulipo unaweza kujiwekea sharti hilo mwenyewe. Video haitoshi. Ukishindwa kwenda, omba simu ya video ya papo hapo na umwambie akuonyeshe kitu unachokitaja wewe dakika ile.

Mfugaji huyo pia atakupa kitambaa chenye harufu ya mama ili mtoto alale nacho, atakutajia chakula anachokula ili usimbadilishie ghafla, na atakuuliza maswali mpaka uchoke. Mimi sikuulizwa hata swali moja. Nilipaswa kushtuka.

Kama tayari una mtoto aliyekufa kwa parvo, tafadhali usilete mwingine haraka. Virusi vile hukaa sakafuni na kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikiachwa dakika 10 juu ya sakafu iliyokwisha oshwa, ndiyo inayofaa. Kitanda, bakuli na midoli ya nguo nilivichoma.

Juzi rafiki yangu alinitumia tangazo jipya. Jina jingine, namba nyingine, safari hii ni Pomeranian. Lakini video ni ile ile: jike jeupe, blanketi la bluu lenye shimo la kuungua pembeni, na sekunde ya 9 mkono wenye saa ya dhahabu unapita mbele ya kamera. Mama wa Maltese hawezi kuwa mama wa Pomeranian wa rangi ya chungwa. Mkiiona video hiyo, chini ya jina lolote lile, ni yeye.