Sansevieria za vitalu vya kando ya barabara, Kisumu: zinafaa chumba cha hosteli?
Kwa uvumilivu, sansevieria, ule mmea wa ndani wenye majani marefu magumu yaliyosimama, haina mpinzani: mwanga wa dirisha moja tu unaitosha. Kasoro iko kwenye udongo. Nyingi hupandwa katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kama ugali mbichi. Maji hayapiti, shina linalainika chini, linanuka, majani yanalala. Kabla ya kulipa, inua mkebe uangalie matundu (mingine haina hata moja). Badilisha udongo mapema: sehemu mbili za udongo wa kawaida, mbili za mchanga wa mto, moja ya samadi iliyooza. Mwagilia ukikauka hadi chini, kama kila wiki mbili au tatu, na umwage maji ya kisahani, la sivyo unafuga mbu.

Kuhusu kusafisha hewa, wauzaji hupenda kutaja NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lililowahi kujaribu kama mimea ya ndani husafisha hewa. Jaribio lile la 1989 lilifanyiwa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu ili kulingana na hewa inayopita yenyewe jengoni. Chumba kikinuka rangi mpya au moshi wa jiko, fungua dirisha na mlango. Sansevieria nunua kwa urembo.