Tathmini ya Kozi ya Utangulizi wa Sosholojia Inayofundishwa kwa Uchambuzi wa Vitabu

Kozi hii imeuweka uchambuzi wa kitabu kizima mahali ambapo kozi nyingi za utangulizi huweka mtihani wa kukariri fasili, na kwa maoni yangu uamuzi huo ndio unaoipa thamani. Mwanafunzi huchagua kitabu kimoja, aghalabu utafiti uliofanywa kwa kuishi miongoni mwa watu wanaochunguzwa, kisha hutakiwa kueleza mwandishi ameuliza swali gani, amekusanyaje ushahidi, na dhana za darasani, kama vile tabaka, jinsia au unyanyapaa, zinafafanua nini ndani yake. Hapo ndipo hoja aliyoitoa mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills mwaka 1959, kwamba matatizo ya mtu binafsi yaangaliwe pamoja na masuala ya jamii nzima, inapoacha kuwa sentensi ya kujibia mtihani, kwa kuwa msomaji hukaa na familia ileile kurasa baada ya kurasa akiona jinsi kodi ya nyumba, ajira na sheria zinavyoibana.

Maelekezo ya uandishi ni dhaifu zaidi. Hayatofautishi vya kutosha muhtasari na uchambuzi, hivyo ni rahisi mno kwa mwanafunzi kusimulia kitabu tu (nao walimu, nadhani, huchoka kusoma masimulizi hayo). Kukabidhi rasimu kwa awamu kunasaidia, ingawa darasa likiwa kubwa maoni ya mwalimu huchelewa. Riwaya pia zinaruhusiwa. Mimi ningeziruhusu kwa masharti, kwani mhusika wa kubuni huweza kuangaza dhana lakini hawezi kuwa ushahidi wa namna jamii inavyoendeshwa.