Ndege za mafunzo ya jeti: ipi inaifaa anga ya Ziwa Victoria?

Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Kwa watu wa Mwanza, basi, habari za marubani wa kivita si habari za mbali. Na rubani huiva kwa saa za kuruka. Ndiyo maana nimezipanga ndege hizi kwa swali moja: kwa bajeti ileile, ipi itamweka mwanafunzi angani muda mrefu zaidi?

Ya kwanza ni L-39NG ya Aero Vodochody, Jamhuri ya Czech. Iliruka mara ya kwanza Desemba 2018. Sura ni ya L-39 ya mwaka 1968, ambayo jirani zetu Uganda wanaijua vizuri, ila mabawa ni mapya na injini ni Williams FJ44, ya ukoo uleule unaosukuma jeti ndogo za wafanyabiashara. Injini yenye soko la kiraia haikauki vipuri upesi.

Kasoro yake ni kwamba injini ni moja tu. Uwanja wa Mwanza uko kando ya ziwa, na palipo na samaki pana korongo, mwewe na membe. Ndege mmoja tu akimezwa na injini wakati wa kupaa, chini yako ni maji. Mkataba utaje viti vya kujirusha vinavyofanya kazi hata ndege ikiwa imesimama ardhini, maboya kwa kila rubani, na boti ya uokoaji inayokaa tayari muda wote wa mazoezi. Hapo nisingekubali punguzo lolote.

Ya pili ni K-8, kazi ya China na Pakistan, angani tangu 1990. Zambia, Zimbabwe na Namibia wanayo, kwa hiyo mafundi wa kuwauliza hawako mbali. Muulize muuzaji injini kabla ya bei: zipo zenye TFE731 ya Marekani, na hiyo inahitaji ridhaa ya Washington.

M-346 ya Leonardo, kampuni ya Italia, naipa nafasi ya tatu, ingawa kwa ubora inazishinda hizo mbili. Ina injini mbili, na kompyuta zake humwonyesha mwanafunzi adui ambaye hayupo, hata rada ambayo ndege yenyewe haina. Israel na Singapore wanafundishia hiyo. Lakini injini mbili ni matengenezo mara mbili, na faida yake kamili huonekana pale rubani anapohamia ndege ya kisasa ya kivita. Yak-130 ya Urusi ni ndugu yake wa mradi mmoja wa miaka ya 1990. Vikwazo dhidi ya Urusi tangu 2022 vinanifanya niiweke chini yake.

T-50 ya Korea Kusini hupita kasi ya sauti. Ni ndege nzuri sana, lakini kwetu ni ya mwisho: kasi hiyo hulipwa kwa mafuta.

Yoyote utakayochagua, usipokee takwimu za kupaa zilizopimwa usawa wa bahari. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu, na hewa ya saa saba mchana ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa. Dai kwa maandishi urefu wa njia inaouhitaji kupaa hapa, saa hiyo, ikiwa na watu wawili na matangi yamejaa.