TAHADHARI: Wauza vyeti vya wayaringi wasiopima nyumba

Wenye nyumba, wapangaji na mnaomalizia ujenzi, muwe macho na hawa watu. Wanajitangaza mtandaoni kuwa ni mafundi umeme wenye leseni, cheti cha usalama wa wayaringi unakipata siku hiyohiyo. Ukiwapigia, swali la kwanza ni nyumba ina vyumba vingapi, la pili ni utalipaje. Wanakuomba picha ya bodi ya breka, na jioni faili linaingia kwenye simu likiwa na nembo, mhuri, sahihi na jedwali lililojaa namba. Nyumba hawajaiona. Wengine hufika, wanachomeka kitesta cha taa tatu kwenye soketi mbili, wanapiga picha na kuondoka bila hata kugusa meinswichi.

Hapo kwenye meinswichi ndipo wanapoumbuka. Vipimo vya msingi hufanywa umeme ukiwa umezimwa: kuhakikisha waya wa eathi haujakatika kuanzia bodi hadi soketi ya mwisho, halafu kupima ganda la waya kwa mega, yaani mita ya kupima kama ganda linavujisha umeme. Mega inasukuma volti 500 za mkondo mnyoofu (DC) kwenye saketi (njia ya waya inayolindwa na breka moja), na kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Kabla ya hapo vifaa vyote vya elektroniki vichomolewe, la sivyo vipimo vitadanganya au kifaa kitaungua. Kwa hiyo kama friji haikuzimwa hata dakika moja tangu jamaa aingie mpaka atoke, vipimo hivyo hakuvifanya, hata cheti kikisema megaomu 200 kila mstari.

Namba zenyewe pia zinasomeka. Anza na kitu rahisi: hesabu breka kwenye bodi, kisha hesabu mistari kwenye jedwali. Vyeti vya kunakili hubeba saketi za nyumba ya mtu mwingine, utakuta umeandikiwa jiko la umeme wakati unapikia gesi. Utakuta pia muda wa kukata wa RCD kwenye bodi isiyo na RCD kabisa. (RCD ni kikatio kinachozima umeme unapovuja kwenda ardhini, ile yenye kitufe kilichoandikwa T. Isikuchanganye na breka ya kawaida.)

Kisha angalia ukinzani wa njia ya shoti, yaani waya wa laivu unaoleta umeme pamoja na wa eathi unaourudisha hitilafu ikitokea, maana hapo waongo wengi hawajui hesabu. Chukua saketi ya soketi yenye waya wa shaba wa 2.5 mm², laivu na eathi saizi moja, mita 20 hadi soketi ya mwisho. Shaba ya saizi hiyo ina omu 7.41 kwa kilomita, kwa hiyo laivu na eathi pamoja ni kama omu 0.30. Kama umeme unapoingilia nyumbani umepimwa omu 0.35, soketi ya mwisho inatakiwa isome karibu 0.65. Mabomba ya chuma yaliyoungwa na eathi yanaweza kuishusha namba hiyo, lakini soketi zote za nyumba zikiwa na 0.20 sawasawa, mtu ameketi mahali akaziandika. Kwa breka ya B32 (ya ampea 32) kwenye volti 230, kikomo cha njia hii ni omu 1.37 waya ukiwa na joto la kazi, hivyo kipimo cha waya uliopoa kisizidi kama omu 1.10. Kikizidi, shoti inaweza kutokea na breka isikate kwa wakati, waya ukabaki unachemka ndani ya ukuta.

RCD ya miliampea 30 ikipimwa kwa mkondo wake kamili haitakiwi kuzidi milisekunde 300, na kwa mkondo mara tano isizidi 40. Kwa nusu ya mkondo haitakiwi kukata kabisa. Kipimo cha kweli huwa na namba zinazotofautiana kidogo kati ya RCD na RCD. Ukiona 25 kila mahali, au neno "OK" mahali pa namba, hicho si cheti. Na kubonyeza T si kupima: kitufe kinakuambia mtambo wa ndani unafyatuka, hakikuambii lolote kuhusu muda wala kuhusu waya wa eathi wa nyumba yako.

Sasa jambo baya kuliko yote, ambalo si karatasi tena. Nyumba isiyo na waya wa eathi kwenye soketi inahitaji kuvutiwa waya upya, kazi ambayo hawa hawaitaki. Wanachofanya ni kufungua soketi na kuweka kipande kifupi cha waya kutoka nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenda pini ya eathi. Kitesta cha taa tatu kinachomekwa, taa zinawaka kama inavyotakiwa, mwenye nyumba anaridhika. Kitesta hakiwezi kugundua daraja hilo, kwa sababu kwake nyutro na eathi zinaonekana vilevile. Siku nyutro itakapolegea popote kabla ya soketi hiyo, laivu itapita ndani ya friji, itokee upande wa nyutro, ivuke kile kipande na kuingia kwenye mwili wa chuma wa friji. Chuma chote kinakuwa na volti 230 na breka haikati, maana hakuna shoti. Anayefuata kushika mlango akiwa miguu peku ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini. Kama RCD ipo na ni nzima, inaweza kumwokoa hapo, lakini kwenye nyumba za namna hii mara nyingi haipo.

Hila ya rodi ya eathi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, ni ndugu yake. Rodi inakatwa, kipande cha sentimita 30 kinapigwa chini, juu panaonekana klampu na waya wa kijani na njano, picha inapendeza. Udongo wa juu ukikauka ukinzani unapanda. Hata rodi yenye omu 100 inapitisha ampea 2.3 tu kwa volti 230, na breka ya ampea 32 haitajua kama kuna hitilafu. Ndiyo maana nyumba inayotegemea rodi peke yake lazima iwe na RCD, na rodi ipimwe kwa mita, namba iandikwe.

Ukiwa unatafuta mtu wa kupima, usianze na bei. Muulize atazima umeme kwa muda gani, mita yake ilisawazishwa lini, na kama atakupa vipimo vya kila saketi kivyake. Mtu wa kazi hujibu bila kujiumauma, na mara nyingi atakuuliza yeye kama kuna kifaa cha hospitali au akwariamu isiyotakiwa kuzimwa. Namba ya leseni ithibitishe kwa mamlaka inayosajili mafundi umeme nchini kwako, kwa simu uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyochapwa kwenye cheti. Uliza jina, daraja la leseni na kama bado ina uhai. Namba za kuibwa zipo nyingi: leseni ni ya kweli, mwenye leseni hajui chochote. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kupata jedwali lililokamilika.

Kama umeshauziwa, usifungue bodi wala soketi kutafuta daraja mwenyewe. Ukihisi mwasho kwenye chuma cha kifaa chochote, usiguse tena kifaa hicho. Zima meinswichi kwanza, ndipo ukichomoe, na usiwashe mpaka fundi mwenye leseni apime. Mwombe afungue soketi zote, si mbili tatu, na apige picha ya kila daraja atakalolikuta kabla ya kuliondoa. Mwambie aandike ripoti ya nyumba ilivyokuwa kabla hajarekebisha kitu, kwa sababu akishasafisha kila kitu ushahidi umekwenda.

Tunza faili la cheti lilivyotumwa, jumbe zote na risiti ya malipo, na tangazo lipige picha mapema kwa kuwa hufutwa na kurudi kwa jina jingine. Peleka malalamiko kwa mamlaka ya leseni na kwa polisi, na kama cheti hicho ulishakipeleka kwa shirika la umeme au kampuni ya bima, wajulishe kwa maandishi kabla hawajakigundua wenyewe.