Uzoefu wangu: nilimlipa mkaguzi kabla ya kununua lita 1,000,000 za dizeli Kigamboni

Nanunua dizeli ya transiti, yaani inayopita tu kwenda nje ya nchi, Dar es Salaam kwa ajili ya wateja wa Lubumbashi, Kongo. Biashara hii ina makaratasi mengi kuliko mafuta. Kila wiki simu inaleta ofa: dizeli ya EN590 (kiwango cha Ulaya) ipo Rotterdam, Uholanzi, bei ya kutupa, tuma ushahidi wa fedha, lipia tangi kwanza ndipo uruhusiwe kupima. Hizo nafuta papo hapo. Bandari ya Rotterdam yenyewe imeshaonya kuhusu kampuni bandia zinazojidai kukodisha matangi. Anayekutaka ulipie tangi la mafuta ambayo bado ni yake, hana mafuta.

Mzigo wa hapa nyumbani nao unataka macho. Muuzaji aliniambia ana lita 1,000,000 kwenye depo moja ya Kigamboni, nikaamua kukodi kampuni ya ukaguzi isiyofungamana na yeye wala mimi. Ada tuligawana nusu kwa nusu.

Upimaji wao ni wa hali ya juu. Nilipanda juu ya tangi pamoja na mkaguzi asubuhi, kabla jua halijakolea. Alipaka dawa kwenye utepe wa chuma pale alipotarajia mafuta yaishie, na dawa nyingine ya kutafuta maji kwenye timazi ya shaba iliyo mwisho wa utepe, akaushusha taratibu mpaka ukagusa sakafu. Ulipopanda, dawa ya kwenye timazi ilikuwa imegeuka rangi kiasi cha upana wa vidole viwili. Hayo ni maji, na yanatolewa kwenye hesabu. Alirudia mpaka vipimo vitatu vikakubaliana, akapima joto juu, katikati na chini.

Kwenye joto ndipo pesa yangu ilipookolewa. Muuzaji alihesabu lita kwa joto la Dar, nyuzi 30. Mkataba wetu unasema nyuzi 20. Dizeli huvimba kwa joto, na kwenye lita 1,000,000 tofauti hiyo ni kama lita 8,000. Pia walitoa mafuta yaliyo chini ya bomba la kutolea, ambayo hayapampiki. Sampuli zilifungwa lakiri mbele yetu sote, na maabara haikuona tatizo.

Sasa waliponiangusha. Ripoti ya kwanza ilisema mafuta yapo, basi. Nikauliza: ya nani? Wakajibu hilo halimo kwenye mkataba wao. Kwa Tanzania jibu hilo halitoshi kabisa. Mafuta yetu huagizwa kwa pamoja chini ya PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji huo, meli moja inabeba ya kampuni nyingi, na depo huyachanganya tangi moja. Mtu anaweza kukupandisha juu ya tangi lililojaa pomoni huku ya kwake humo ni kidogo sana. Tena mafuta yanaweza kuwa ya kwake kwa jina lakini yamewekewa holdi, hayatoki mpaka aliyeyaleta kwa meli alipwe.

Nililazimika kulipa tena ndipo wakaenda kwa msimamizi wa depo. Hapo nawasifu: hawakutumia namba ya simu aliyowapa muuzaji, walikwenda wenyewe hadi ofisini. Majibu yakaja kwamba zote ni zake kweli, ila lita karibu 400,000 ziko kwenye holdi. Tukasaini lita 600,000 tu.

Muuzaji naye alitaka mteja wangu ahakikiwe. Nilisita, maana ni mzee ninayemheshimu. Nilimpigia: "Papa, samahani, wanataka kuuliza benki yako." Akasema, "Waulize tu, mimi sina cha kuficha." Wakaguzi hawakuishia kusoma barua ya benki iliyopigwa picha, waliuliza kupitia benki ya hapa Dar. Barua ilikuwa halali na akaunti ipo, ila LC, yaani hati ya benki inayomhakikishia muuzaji malipo, ilikuwa haijafunguliwa. Mzee hakudanganya. Yeye alidhani barua ile inatosha. LC ikafunguliwa wiki iliyofuata.

Wakahesabu na malori pia, jambo ambalo sikulitegemea. Lita 600,000 zinataka malori kama 16. Walikuta 11 uwanjani, matano yalikuwa bado Tunduma yakirudi. Bila kujua hilo, mafuta yangelala depo nikilipia hifadhi ya kila siku kwa uzembe usio wangu. Tukapanga upakiaji wa awamu mbili, kila lori likafungwa lakiri za TRA, na hesabu ya mzee alipopokea iliendana na ya kwetu ndani ya kiwango cha upotevu tulichokubaliana.

Nitawatumia tena kwa zile lita karibu 400,000, holdi ikishaondolewa. Rasimu ya mkataba nimeshawapelekea, na mstari wa kwanza unawataka waandike jina la mwenye mafuta kabla ya kuandika idadi ya lita.