Unaacha dawa ya kunyoosha nywele? Nunua kwa mpangilio huu

Mwezi wa tano tangu niache dawa, niliokota unywele kwenye sinki. Wote ulikuwa umenyooka, ila ncha moja ilikuwa na kimkunjo kidogo kama springi ya kalamu. Kile kidoa cheupe cha mzizi hakikuwepo. Haukung'oka, basi; ulikatika, tena palepale nywele mpya inapokutana na ya dawa.

Mpaka huo ndio unaopaswa kula pesa yako. Dawa huvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu na mkunjo wake, na hakuna krimu itakayovirudisha. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usipokata zote siku moja utaishi na nywele za aina mbili kichwani mwaka mzima au zaidi. Orodha yangu inafuata kinachookoa mpaka huo.

1. Kondishena, kopo kubwa. Kubwa kweli, maana utaipaka bila huruma. Kabla ya kulipa geuza kopo usome viambato: maji yatangulie. Yakitangulia mafuta ya mgando, hiyo ni grisi iliyovaa jina la kondishena. Ukiwa na ya kujaribu, paka kidogo kwenye vidole viwili vyenye maji. Isipoteleza vidoleni haitateleza kwenye fundo. Nyumbani gawa kichwa mafungu manne, paka, fumua kwa vidole ukianzia kwenye ncha kupanda juu, kisha vaa mfuko wa plastiki nusu saa. Kustimu saluni ni kuzuri, lakini kopo moja utalitumia wiki nyingi.

2. Chanuo la meno mapana. Pitisha kucha katikati ya meno. Ikikwama kwenye mshono wa plastiki, rudisha: kinachokwaruza kucha kitakata unywele. Na halipiti kwenye nywele kavu, hata kama umechelewa kazini.

3. Uzi mweusi wa kusukia. Rahisi kuliko vyote hapa, na watu wanauona wa kishamba! Nywele zikiwa na unyevu kidogo, zifunge kwa uzi usiku. Asubuhi nywele mpya zimevutika bila draya wala pasi, na hazigombani sana na zile zilizonyooka. Usikaze kwenye paji la uso.

4. Kofia ya satini. Pamba hunyonya unyevu na kusugua nywele usiku kucha. Foronya ya satini pia inafaa kama kofia hukuvuka ukiwa usingizini.

5. Mkasi wa nywele. Wako mwenyewe, usiokata karatasi wala vifungashio vya maziwa. Sentimita mbili kila baada ya miezi miwili zinatosha.

6. Shampuu laini. Yoyote isiyoacha nywele zikilia kama sahani iliyooshwa. Kama mtaani kwenu mnatumia kisima cha chumvi, kama sehemu nyingi za Dar, weka akiba ndoo ya maji yasiyo na chumvi ya kusuuzia mwisho. Kwangu ndoo hiyo ilifanya kazi kuliko shampuu mbili za bei mbaya.

7. Mafuta. Najua, wengi huanzia hapa. Mafuta hayaongezi maji. Yanayazuia tu yasitoke, kwa hiyo kwenye nywele kavu yanafungia ukavu ndani. Mafuta ya nazi ndiyo ninayoyaamini: hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, hivyo yapake kabla ya kuosha. Ya nyonyo ni mazito, kidogo kwenye ncha yanatosha.

Rasta na wigi sikuzipa namba. Zinapumzisha mikono, lakini rasta nzito hunyonga mpaka uleule unaouokoa. Chagua nyepesi, na msusi akivuta hadi nyusi zinapanda, mwambie afumue.

Usinunue kabisa keratini ya kunyoosha. Nyingi hutoa gesi yenye sumu iitwayo fomaldehaidi zikipigwa pasi, na joto lenyewe linaweza kuua mkunjo unaousubiri. Mwezi wa saba, msusi mmoja alishika nywele zangu akaguna, "Dada, ngumu hizi. Nikuwekee teksturaiza kidogo tu zilainike?" Nilikuwa nimechoka, nikakaribia kukubali. Teksturaiza ni dawa ileile, ila inakaa kichwani dakika chache tu. Nililipia kuoshwa tu, nikarudi nyumbani kufunga uzi.